Baiskeli Isiyokwenda Popote: Mazoezi ya Nyumbani kwa Mwenye Maumivu Sugu

Katika masoko na mitaa ya Mwanza huonekana mara kwa mara mnoa visu aliyeketi juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Gurudumu la nyuma limeinuliwa kwa stendi ya chuma, mkanda wa mpira umelizungushia jiwe la kunolea lililofungwa karibu na usukani, na kila apigapo pedeli jiwe huzunguka na cheche huruka. Mtu huyu hasogei hata hatua moja, lakini afanyalo ni kazi halisi kwa maana ya fizikia: misuli yake hutoa nishati, msuguano baina ya jiwe na chuma huipokea, na kisu hupata makali pamoja na joto.

Baiskeli ya mazoezi, ambayo siku hizi huuzwa katika maduka ya vifaa vya michezo na kuonekana katika baadhi ya nyumba za mjini (mara nyingi ikiwa imeanikwa nguo), ni chombo cha aina hiyo hiyo. Tofauti yake ni kwamba mahali pa jiwe pamewekwa breki, na mpandaji anaweza kuikaza au kuilegeza breki hiyo atakavyo. Jambo hilo dogo la kukaza na kulegeza ndilo linaloifanya iwe na maana ya pekee kwa mtu anayeishi na maumivu ya mgongo, nyonga au magoti kwa miezi na miaka. Mtu kama huyo, akiuliza kama afanye mazoezi, hupata majibu mawili yanayopingana. Jamaa zake humwambia apumzike asije akajiumiza zaidi; hospitalini huambiwa ajitahidi kujongea. Ni vyema kueleza kwa nini jibu la pili ndilo lililo karibu zaidi na ukweli, na kwa nini hata hilo likifuatwa bila kipimo humrudisha mgonjwa kitandani.

Maumivu yaliyokawia

Wataalamu huyaita maumivu kuwa ni sugu yakidumu au yakijirudia kwa zaidi ya miezi 3. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ambao ulianza kutumika mwaka 2022, umeyapa maumivu ya namna hii nafasi yake yenyewe, badala ya kuyahesabu kuwa dalili tu ya ugonjwa mwingine. Maumivu ya kiuno peke yake yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani mwaka 2020, na hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu wengi zaidi kuishi na ulemavu.

Katika mwambao wa Ziwa Victoria sababu za maumivu hayo si ngeni. Wapo wabebao magunia ya dagaa, wapigao makasia, waketio siku nzima kwenye cherehani, na wapandao vilima vya mawe wakiwa na ndoo kichwani. Wapo wazee ambao gegedu la magoti yao limelika. Upo pia ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea sana Kanda ya Ziwa, na ambao huleta maumivu makali ya ghafla na, kwa baadhi ya wagonjwa, maumivu ya kudumu ya mifupa. Aidha, inafaa kukumbuka kwamba homa ya chikungunya, ambayo kwa wengine huacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza Tanzania yenyewe, katika uwanda wa Wamakonde upande wa Newala, kulikozuka ugonjwa mwaka 1952. Jina hilo latokana na Kimakonde, nalo laeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja.

Kengele, lango na mbwa wa mlinzi

Kwa karne nyingi maumivu yalidhaniwa kuwa kama kamba ya kengele. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1664, baada ya kufa kwake, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alieleza habari za mtu ambaye mguu wake uko karibu na moto: moto huvuta uzi, nao uzi hugonga kengele ubongoni. Kwa fikra hiyo, ukubwa wa maumivu ungelingana daima na ukubwa wa jeraha.

Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia iliyovunja picha hiyo. Walisema kwamba katika ugwe wa mgongo, yaani ule uzi mnene wa neva upitao ndani ya pingili za uti wa mgongo, pana kitu mfano wa lango. Habari za maumivu hufika hapo kwa neva nyembamba. Habari za kuguswa na kusukumwa huja kwa neva nene zaidi, nazo huweza kulifunga lango hilo kwa sehemu. Ndiyo maana mtoto aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa na mtu. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu, za kulifunga au kulifungua. Undani wa nadharia hiyo umerekebishwa sana tangu wakati huo, lakini msingi wake umebaki: habari ya maumivu hupimwa na kubadilishwa njiani.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 1983, pale Clifford Woolf alipoonyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba baada ya jeraha, seli za ugwe wa mgongo zenyewe hubadilika na kuwa nyepesi mno kuitikia. Mbwa wa mlinzi ambaye nyumba yake imeibiwa mara moja hukesha akibweka; mwishowe hubweka hata kwa paka na hata kwa mwenye nyumba arudipo kutoka kazini. Sauti yake ni ya kweli, na anayeisikia hawezi kulala. Lakini haimaanishi tena kwamba kuna mwizi. Hali kadhalika, kwa watu wengi wenye maumivu sugu, uchungu wanaousikia wakiinama au wakikunja goti ni uchungu wa kweli kabisa, si wa kubuni wala si wa uvivu, ila umeacha kuwa kipimo cha kuaminika cha madhara.

Hapo ndipo mapumziko yanapogeuka kuwa adui. Misuli isiyotumika husinyaa, na kiungo huachwa bila wa kukishikilia. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutokana na ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kadiri goti linavyokandamizwa na kuachiwa, mfano wa sifongo ndani ya maji. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wa kiuno: nusu waliagizwa kulala kitandani siku 2 na nusu siku 7. Waliolala siku 2 walikosa kazi kwa siku chache zaidi, na wale waliolala wiki nzima hawakupata nafuu yoyote ya ziada. Tangu hapo desturi ya kumlaza mgonjwa wa kiuno imekuwa ikiachwa.

Mlima haukubali mapatano

Ikiwa kujongea ni dawa, kwa nini basi mkazi wa Mkuyuni asitembee tu? Wengi wanaweza, na wafanye hivyo. Lakini jiografia ya mahali haina budi kuzingatiwa. Mkuyuni, kata iliyo kusini ya katikati ya jiji, imepata jina lake kwa mti wa mkuyu. Lakini vilima vinavyouzunguka mji wa Mwanza ni vya miamba ya matale, na nyumba nyingi zimejengwa juu kabisa, kati ya mawe, mahali ambapo njia ni ngazi za asili.

Chukua mfano wa mtu wa kilo 70 aliyebeba ndoo ya maji ya lita 20, ambaye mlango wake uko mita 20 juu ya bomba. Kazi atakayofanya dhidi ya mvutano wa dunia ni kilo 90 mara 9.8 mara mita 20, yaani jouli 17,640. Akipanda kwa dakika 2, misuli yake hutoa wati 147. Akipunguza mwendo na kutumia dakika 4, hutoa wati 73.5, lakini jumla ya jouli haipungui hata moja. Zaidi ya hayo, akifika nusu ya njia na kiuno kikimkaza, hana pa kuishia. Lazima afike nyumbani au arudi chini, na kushuka nako kuna gharama yake.

Gharama hiyo imepimwa. Nchini Ujerumani, wagonjwa kadhaa waliofanyiwa upasuaji wa kubadilishwa magoti waliwekewa goti la bandia lenye vipima kani ndani yake, na vipimo vikatumwa nje kwa mawimbi ya redio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba mtu akitembea mahali tambarare, kani ipitayo gotini hufika kama mara 2.6 ya uzito wa mwili wake. Akipanda ngazi hufika mara 3.2, na akishuka hufika karibu mara 3.5. Wagonjwa wa namna hiyo walipopandishwa kwenye baiskeli ya mazoezi na kutoa wati 60, matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kani ya mara 1.2 tu. Sababu yake ni rahisi: uzito mwingi wa mwili umebebwa na kiti.

Ubora wa baiskeli isiyokwenda, basi, hautokani na uwezo wowote wa ajabu wa kuponya. Inampa mtu mzigo mdogo, unaojulikana, usiobadilika ghafla, na anaoweza kuuacha dakika yoyote akiwa tayari yuko nyumbani. Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1796 Mwingereza Francis Lowndes alipata hataza ya mashine aliyoiita Gymnasticon, yenye vikanyagio vya miguu na vishikio vya mikono, kwa ajili ya kuwachezesha viungo wagonjwa wa jongo na wengineo. Huo ulikuwa wakati ambapo baiskeli ya barabarani yenye pedeli ilikuwa bado kubuniwa. Naye Mdenmarki August Krogh, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alieleza mwaka 1913 baiskeli ya maabara yenye breki ya sumaku ya umeme, kusudi mzigo wa mpandaji ujulikane kwa hakika.

Kuipima kazi darasani

Walimu wa fizikia hawahitaji sumaku ya Krogh. Baiskeli ya kawaida, kwa mfano Phoenix, huinuliwa gurudumu la nyuma kwa stendi imara na kuvuliwa tairi. Kamba hupitishwa juu ya rimu, na kila ncha yake hufungwa kwenye mizani ya springi iliyoshikizwa chini. Gurudumu likizunguka, mizani moja husoma kani kubwa kuliko nyingine; tofauti baina ya hizo mbili ndiyo kani ya breki.

Ikiwa mzunguko wa rimu ni mita 2, na gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma 20, kila mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu mara 2.4, yaani rimu husafiri mita 4.8. Kwa mizunguko 50 ya pedeli kwa dakika hupatikana mita 240, sawa na mita 4 kwa sekunde. Mizani zikisoma nyutoni 15 na nyutoni 5, breki ni nyutoni 10, na mpandaji anatoa wati 40. Wanafunzi waangalie vidole visiingie kwenye spoki, na wakumbuke kwamba gurudumu la nyuma huendelea kuzunguka hata pedeli zikisimama. Kamba nayo itapata moto. Nishati yote imekwenda huko.

Kwa dakika 10 za wati 40 kazi ni jouli 24,000. Kwa kuwa misuli hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati ya chakula, au pungufu, kuwa kazi ya pedeli, mwili utakuwa umetumia kiasi cha kilojouli 110. Hicho ni chini ya vijiko viwili vya chai vya sukari. Anayetaraji kukonda kwa mazoezi hayo atakata tamaa mapema, na ni heri ajue tangu mwanzo kwamba shabaha ni nyingine.

Saa ndiyo iamue

Kosa linalowapata wagonjwa wengi ni hili. Siku ambayo maumivu yamepungua, mtu hufanya kazi zote zilizolala: hufua, hulima, huenda sokoni, au hupiga pedeli nusu saa kwa furaha. Kesho yake hawezi kuinuka. Hupumzika siku nne, nguvu zikapungua, na siku njema nyingine ijapo hurudia yale yale. Kila mzunguko humwacha chini kidogo kuliko ule uliotangulia, naye huamini kwamba mazoezi ndiyo yamemdhuru.

Njia itumiwayo na wataalamu wa tiba ya viungo ni kuyanyang'anya maumivu mamlaka ya kuamua na kuikabidhi saa. Mgonjwa hupima kwanza, kwa siku tatu hivi, zikiwamo mbaya na njema, ni dakika ngapi anaweza kupiga pedeli kwa breki nyepesi kabla maumivu hayajapanda. Akipata dakika 6, 4 na 5, wastani ni 5; ataanza na 4. Atafanya 4 siku mbaya, na siku njema vile vile atashuka zikitimu 4. Hilo la pili ndilo gumu kuliko la kwanza, kwani kuacha jambo wakati unalifurahia kwahitaji nidhamu ambayo wengi hawanayo. Baada ya wiki moja au mbili huongeza dakika moja. Breki haikazwi na muda kuongezwa kwa wakati mmoja, maana mambo yakiharibika haitajulikana lipi limeharibu.

Kuhusu ukali wa zoezi, Gunnar Borg wa Uswidi alitunga kipimo cha kujikadiria chenye namba 6 hadi 20, ambapo 6 ni kutojitaabisha hata kidogo na 20 ni ukomo wa nguvu. Kwa kijana mwenye afya, namba hiyo mara 10 hukaribia mapigo ya moyo kwa dakika. Mwenye maumivu sugu huanza penye 9 hadi 11. Asiyetaka namba aangalie pumzi: aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Maumivu yakipanda kidogo baada ya zoezi, kisha yakarudi kama yalivyokuwa ndani ya siku moja, hakuna la kuogopa. Yakidumu zaidi ya hapo, dozi ilikuwa kubwa na ipunguzwe.

Kiti nacho si jambo dogo. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjika sana na kifuniko chake hukandamizwa, na hapo baiskeli huleta maumivu ambayo hayakuwapo. Mwenye mgongo mbovu ainue usukani ili aketi wima.

Nafuu iliyothibitishwa

Mwaka 2017 taasisi ya Cochrane ilichapisha muhtasari wa mapitio 21 ya tafiti juu ya mazoezi na maumivu sugu. Ilionekana kwamba mazoezi hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu na huongeza uwezo wa kufanya shughuli, nafuu ikiwa ndogo hadi ya wastani. Ubora wa tafiti nyingi ulikuwa hafifu, lakini madhara yaliyoripotiwa yalikuwa machache. Hakuna ithibati kwamba baiskeli inashinda kutembea au kuogelea. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha mazoezi yaliyopangwa miongoni mwa tiba linazopendekeza kwa maumivu sugu ya kiuno. Habari hizi si za kushangilia kupita kiasi. Mtu ambaye maumivu yake yamepungua kidogo tu, lakini anaweza kupika, kufundisha au kushona tena, amepata kitu kikubwa.

Kwa wagonjwa wa selimundu tahadhari ni kubwa zaidi, kwani kazi nzito, joto na upungufu wa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Hata hivyo, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2018 uliwapandisha watu wazima wenye ugonjwa huo kwenye baiskeli za mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, kwa mzigo mwepesi hadi wa wastani na chini ya uangalizi, na wakaustahimili vyema. Maneno yenye uzito hapo ni "chini ya uangalizi".

Yapo pia maumivu yasiyopaswa kupandishwa baiskeli hata kidogo kabla ya kuonwa na daktari. Kiungo kilichovimba na chenye moto. Maumivu ya kifua. Miguu inayopoteza nguvu au ganzi sehemu za siri. Kushindwa kuzuia mkojo. Na maumivu ya mgongo yaambatanayo na homa, jasho la usiku na kukonda, ambayo katika nchi zetu huenda yakawa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwenye dalili hizo aende hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando, wala asingoje.

Mafundi wa mitaani wanaweza kutengeneza chombo cha kufaa kutokana na baiskeli kuukuu. Stendi iwe pana, maana baiskeli iliyoinuliwa hupinduka kirahisi mpandaji akiegemea upande mmoja. Breki yaweza kuwa ukanda wa mpira wa tairi uliobanwa kwenye rimu kwa springi, wenye komeo la kukazia lililotiwa alama za rangi, ili dozi ya leo ifanane na ya jana. Tatizo linalobaki ni lile bomba la juu la fremu: mwenye nyonga yenye maumivu hawezi kuuvusha mguu juu yake. Fremu ya kike isiyo na bomba hilo yafaa zaidi, pamoja na jiwe bapa la kukanyagia ubavuni, na kwa mawe Mwanza haina upungufu.